Ndege Moja, Siku Moja: Rangi za Vita Kuu ya Pili Ndani ya Simuleta

Rangi ya ndege ya kivita ina tarehe. Spitfire iliyoegeshwa kituoni Aprili 1940 na nyingine ya aina hiyohiyo ya Agosti mwaka huo hazitofautiani umbo, lakini tumbo la ya kwanza ni nusu jeusi na nusu jeupe, na la ya pili lote ni la kijani kilichopauka. Ubavuni mwa hiyo ya pili duara la taifa limeongezewa mviringo wa njano, na kwenye mkia kuna mistari ya nyekundu, nyeupe na buluu ambayo ya kwanza haina. Hayo yote ni mabadiliko ya miezi minne. Kwa hiyo mtu anayeipaka ndege kama hiyo kwa ajili ya simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoigiza urushaji wa ndege, hawezi kupaka Spitfire kwa jumla jumla. Anapaka ndege moja yenye namba yake, kama ilivyokuwa siku moja, na uamuzi mwingine wote hufuata hapo.

Simuleta nyingi za ndege za vita humruhusu mtumiaji kubadilisha picha inayovishwa ndege. Wachezaji huiita skini. Hapa itaitwa ngozi. Ni picha bapa ambayo programu huikunja juu ya umbo la ndege: mabawa yamelazwa upande mmoja, kiwiliwili kimepasuliwa na kutandazwa kama ng'onda, na vipande vidogo kama milango ya magurudumu vimechomekwa palipobaki nafasi. Watengenezaji wa simuleta hutoa kiolezo chenye mistari ya mabati na ribiti, na mpakaji hupanga juu yake matabaka ya rangi, alama na uchafu. IL-2 Sturmovik, simuleta ya Oleg Maddox na wenzake iliyotoka Urusi mwaka 2001, ilikubali picha ya pikseli 1024 kwa 1024 yenye rangi zisizozidi 256. Siku hizi pikseli 4096 kwa 4096 ni jambo la kawaida.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Spitfire ina mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Mabawa yakilazwa kwenye upana wa pikseli 1024, kila pikseli inabeba zaidi ya sentimita moja ya ndege halisi. Kwenye pikseli 4096 inabeba chini ya milimita 3. Kwa vipimo hivyo namba ya usajili yenye kimo cha sentimita 20 inapata pikseli 18 kwenye picha ndogo, ambazo husomeka kwa taabu, na 73 kwenye picha kubwa. Mwandishi wa makala haya alijifunza kazi enzi za rangi 256, na ufinyu ule ulikuwa na faida yake. Moshi na vumbi vinahitaji ngazi nyingi za rangi moja, kwa hiyo kila doa la uchafu lilikula sehemu ya akiba. Mpakaji alilazimika kuhakikisha kwanza kwamba mabaka na alama viko mahali pake, na uchafu ukapata masazo. Wanaoanza leo hawana kizuizi hicho, na inaonekana: ngozi nyingi mpya zina matope mazuri sana juu ya duara la mwaka usiohusika.

Ndege za wapiganaji za Uingereza ndizo shule nzuri ya tarehe, kwa sababu amri zake zilitolewa kwa maandishi na nyingi zimehifadhiwa. Vita vilipoanza, upande wa juu ulipakwa kahawia ya udongo na kijani kizito, kwa mabaka makubwa yaliyofuata mchoro rasmi. Michoro ilikuwa miwili, A na B, mmoja ukiwa umegeuzwa kama kwenye kioo, na ndege zilitoka kiwandani zikipokezana, hii A na inayofuata B. Mwanzoni mwa 1941 mchoro B ukaachwa. Mpakaji anayenakili mabaka ya ndege moja na kuyaweka kwenye nyingine ya 1940 bila kutazama picha ana nafasi sawa ya kupata na kukosa.

Tumbo la nusu kwa nusu lilikusudiwa kuwasaidia walinzi wa ardhini wawatambue wenzao kabla ya kufyatua. Juni 1940 likabadilishwa kuwa rangi iliyopewa jina rasmi la Sky, ambayo licha ya jina hilo la mbingu ni kijani hafifu chenye umanjano kidogo. Tatizo ni kwamba rangi yenyewe haikutosha. Vituo vilichanganya vya kwao kwa makopo yaliyokuwepo, na katika miezi ya mapigano ya anga ya Uingereza, kuanzia Julai hadi Oktoba 1940, palikuwa na matumbo yaliyoelekea buluu, mengine kijani, mengine katikati. Hapo mpakaji ana uhuru wa kweli, na ndiyo sababu ngozi mbili zilizofanywa kwa uangalifu za ndege moja ya Agosti 1940 zinaweza kuachana rangi ya tumbo na zote zikawa na hoja.

Mwishoni mwa Novemba 1940 ndege hizo zilifungwa mkanda wa Sky wenye upana wa sentimita 46 kabla ya mkia, na kofia ya rafadha ikapakwa rangi hiyohiyo. Chini ya bawa la kushoto rangi nyeusi ilirudi, ikakaa hadi Aprili 1941. Agosti 1941 kahawia ikaondolewa kabisa. Mapigano yalikuwa yamehamia juu ya bahari na kaskazini mwa Ufaransa, tena kwenye mwinuko mkubwa zaidi, na udongo wa mashamba ya Uingereza haukuwa tena mandhari ya nyuma. Mahali pake pakawekwa kijivu cha bahari, na tumbo likawa kijivu chepesi. Hapa tena kopo jipya lilichelewa, na vituo viliruhusiwa kuchanganya sehemu 7 za kijivu cha wastani na sehemu 1 ya nyeusi. Ukingo wa mbele wa mabawa ulipata mstari wa njano. Katikati ya 1942 miviringo nyeupe na ya njano ya duara la taifa ilipunguzwa unene isionekane sana kutoka mbali. Januari 1945 vikosi vya Uingereza vilivyokuwa bara la Ulaya viliamriwa kuufuta mkanda wa mkia na kupaka kofia ya rafadha nyeusi.

Mpakaji aliyezoea mfuatano huo husoma picha ya zamani kama mtu anayesoma muhuri wa posta. Akiona Spitfire ya kijani na kijivu yenye duara la mviringo mpana mweupe, anajua yuko kati ya Agosti 1941 na majira ya joto ya 1942. Marekani inatoa msaada wa namna hiyohiyo: nukta nyekundu iliyokuwa katikati ya nyota nyeupe iliondolewa Mei 1942, isije ikachanganywa na jua la Japani, pau mbili nyeupe ziliongezwa ubavuni mwa nyota Juni 1943 pamoja na ukingo mwekundu, na kabla ya mwaka kwisha ukingo huo ukageuzwa kuwa wa buluu. Nyota ya ukingo mwekundu iliishi miezi michache tu, lakini kwenye ngozi za kompyuta imetapakaa kila mahali kwa sababu inapendeza.

Baada ya tarehe unakuja ushahidi. Amri zilizoandikwa zinaonyesha makao makuu yalitaka nini, na vituo havikutekeleza zote, wala kwa siku moja. Picha ndiyo inayoamua, ila picha nyingi za wakati ule ni za rangi nyeusi na nyeupe, na filamu hazikuona rangi kwa namna moja. Filamu ya othokromatiki haioni nyekundu, na njano huifanya kuwa giza, ilhali buluu huipausha. Mviringo wa njano wa duara la Uingereza huonekana karibu mweusi kwenye filamu hiyo, na mtu asiyejua angeapa haupo. Filamu ya pankromatiki huurudisha mviringo uleule ukiwa mweupe-mweupe. Njia iliyo salama ni kuanza na kitu ambacho rangi yake haina ubishi, kwa mfano nyekundu na buluu za duara lenyewe, kulinganisha zilivyotoka kwenye picha, kisha kupima kofia ya rafadha au herufi za kikosi kwa kipimo hicho. Mwandishi amewahi kuwekewa mezani picha mbili za kikosi kimoja ambapo kofia ya rafadha ilionekana nyeusi kwenye moja na kijivu kwenye nyingine. Mjadala ulikuwa mrefu hadi mtu mmoja alipoonyesha kwamba nyekundu ya duara nayo imebadilika hivyohivyo. Filamu zilikuwa mbili. Rafadha ilikuwa moja, nyekundu.

Kuna pia karatasi. Shajara za vikosi vya Uingereza ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya nchi hiyo huko Kew, London, chini ya alama AIR 27, na ndani yake fomu namba 541 inataja rubani, muda wa kupaa na kutua, na mara nyingi namba ya usajili ya ndege. Kisichoandikwa kwa kawaida ni herufi ya ubavuni. Ili kuunganisha namba na herufi inabidi kupata picha inayoonyesha vyote viwili, na hapo mkanda wa Sky wa Novemba 1940 huleta kero yake, kwa kuwa mafundi mara nyingi waliupaka juu ya namba. Ndege za viongozi wa vikosi vikubwa huwa nafuu zaidi. Hao waliruhusiwa kuandika herufi za majina yao, na ndiyo maana JE-J ya mmoja wao, Johnnie Johnson, yenye namba MK392, haina utata.

Ushahidi adimu zaidi ni chuma chenyewe. Mwaka 1998 ndege ya Kifini aina ya Brewster Buffalo, BW-372, iliibuliwa kutoka ziwa moja la Karelia nchini Urusi, ambako rubani wake Lauri Pekuri aliishusha Juni 1942. Maji yale baridi yaliihifadhi na rangi zake, na sasa inaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga la Finland bila kupakwa upya. Mpakaji wa ngozi ya Buffalo ana bahati ambayo wapakaji wengi hawana. Kinyume chake ni P-40 ya Uingereza iliyopotea kwenye jangwa la Misri mwezi huohuo wa Juni 1942 na kukutwa mwaka 2012 ikiwa imelala juu ya mchanga. Ilipofika El Alamein ilipakwa rangi mpya, na kilichokuwa kimebaki cha rangi yake ya asili kikafunikwa. Hata ndege za makumbusho na zile zinazoruka kwenye maonyesho si mashahidi wa kutumainiwa. Wengi wa wanaozitengeneza hutaka rangi idumu na ing'ae.

Rangi yenyewe, kwa maana ya kahawia ipi na kijivu kipi, ndiyo sehemu ambayo wapenzi wa ndege huitolea jasho jingi kuliko faida yake. Kwa miaka mingi ndege za Zero zilizoshambulia Pearl Harbor Desemba 1941 zilipakwa kijivu cheupe kwenye vitabu, sinema na simuleta. Mabaki yaliyookotwa kwenye mashambulizi hayo yalionyesha rangi iliyoelekea zeituni, na ripoti ya jeshi la majini la Japani ya mwaka 1942 inakitaja kijivu kinachoelekea kaharabu. Halafu rangi ileile ilichakaa kwa kuota unga mweupe juu, kwa hiyo ndege iliyokaa juani kweli ilionekana ya kijivu. Ngozi iliyo sahihi ya Zero hutegemea basi umri wa rangi siku iliyochaguliwa. Ndege zilizokuwa kwenye manowari Desemba 1941 zilikuwa na rangi iliyotunzwa. Zile za visiwani miezi kadhaa baadaye, hapana.

Kwa Ujerumani hali ilikuwa mbaya zaidi kuelekea mwisho wa vita. Rangi zao zilikuwa na namba, na namba za mwanzoni kama 65, 70 na 71 zilikuwa na kadi za rangi zilizosambazwa viwandani. Agosti 1944 zilipoagizwa 81 na 82, waraka wenyewe ulieleza kwamba kadi zake hazipo. Kiwanda kimoja kilitengeneza mabawa, kingine mkia, kingine pua, kila kimoja kikipaka kwa kopo lake, na vipande vikaunganishwa penye karakana iliyobaki salama na mabomu. Bf 109 mbili za Januari 1945 zilizotoka siku moja zinaweza kutofautiana kijani, na mkia wa mojawapo usifanane na mwili wake. Kwenye ndege kama hizo ngozi iliyo nadhifu kupita kiasi ndiyo ya kutiliwa shaka.

Pakiwa na rangi, zinafuata alama, na mfano mzuri wa kutazama kwa karibu ni mistari ya Normandy. Kwa ajili ya kutua kwa majeshi tarehe 6 Juni 1944 ndege za Washirika zilipigwa mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kuzunguka mabawa na nyuma ya kiwiliwili. Kwenye ndege za injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa sentimita 46, na kwenye za injini nyingi sentimita 61. Siri ilitunzwa hadi dakika za mwisho, kwa hiyo kazi kubwa ilifanywa siku moja au mbili kabla, kwa brashi, na watu wowote waliokuwa na mikono huru. Tazama picha halisi: kingo zimepinda, nyeupe ni nyembamba na kijani kinaonekana chini yake, brashi imeizunguka herufi ya kikosi kwa mkono uliotetemeka, na penye mlango mdogo wa mafuta mstari umeruka. Mkanda wa Sky wa nyuma wakati mwingine umeachwa ukichungulia. Kwenye kompyuta mistari hiyo huchorwa kwa rula kwa dakika mbili, na hapo ndipo inapokufa. Mwandishi huichora kwa kalamu ya skrini, kila ukingo peke yake, akiacha tabaka jeupe lipitishe robo ya rangi ya chini. Kuanzia Julai mistari ya juu ilianza kufutwa, na mwisho wa mwaka ilikuwa imeondoka karibu yote. Kwenye ndege nyingi za Agosti hubaki ya chini tu, na juu huonekana kijani kibichi kipya kilichofunika ya zamani bila kulingana nayo.

Ndege zisizopakwa rangi zina hila zake. Mwanzoni mwa 1944 Marekani iliacha kupaka ndege zake za wapiganaji rangi za kujificha, na P-51 Mustang zikaanza kufika zikiwa za alumini. Watu huipaka ndege nzima iwe kioo, kama zilivyo Mustang za maonyesho ya leo. Lakini bawa la Mustang lilitegemea hewa ipite juu yake bila kutibuka, kwa hiyo kiwandani maungio na ribiti vilizibwa kwa puti, vikapigwa msasa, na sehemu kubwa ya bawa ikapakwa rangi ya fedha. Kiwiliwili ndicho kilichobaki chuma kitupu, tena mabati yake hayakufanana mng'ao. Simuleta za sasa zina picha ya pili inayoieleza programu ni wapi panang'aa kama chuma na wapi pamefubaa kama rangi, na kazi ya Mustang huamuliwa kwenye picha hiyo. Mikia myekundu ya kundi la 332, la marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee na kuruka kutoka Ramitelli nchini Italia, inaweza kupakwa kwa usahihi wote, na ndege bado ikaonekana ya plastiki kwa sababu bawa limeng'arishwa.

Uchakavu una mantiki yake na hauhitaji kubahatishwa. Mlango mdogo wa rubani wa Spitfire uko kushoto, kwa hiyo rangi ya mzizi wa bawa la kushoto ndiyo iliyosuguliwa na viatu. Mzizi wa bawa la kulia ulitumiwa zaidi na mafundi. Matundu ya bunduki yalizibwa kwa vipande vya kitambaa vyekundu, na vikitoboka kwa risasi moshi huacha michirizi chini ya bawa. Moshi wa ekzosi huwa mweusi injini ikilishwa mafuta mengi, na huwa wa kijivu-kahawia mafuta yakipunguzwa kwa safari ndefu. Kwenye Corsair za Pasifiki mafundi walibandika ukanda mweupe kwenye maungio ya tangi la mafuta mbele ya rubani ili lisivuje, na ukanda huo huitambulisha ndege hiyo kuliko doa lolote. Kinachosahaulika ni kwamba ndege nyingi za 1940 hazikuishi kiasi cha kuchakaa. Vilevile picha nyingi za ndege za Japani zilizobabuka hadi chuma zilipigwa baada ya viwanja kutekwa, ndege zikiwa zimetelekezwa mvuani kwa muda mrefu. Kuzitumia kama kielelezo cha ndege iliyokuwa ikiruka ni kumpiga picha mzee na kumwandikia umri wa ujana wake.

Afrika Mashariki imepewa nafasi ndogo kwenye simuleta, ingawa ina mambo ya kumtega mpakaji. Kenya ilikuwa kituo cha vita dhidi ya Waitaliano mwaka 1940 na 1941, na kikosi namba 237 cha Rhodesia kiliundwa Nairobi Aprili 1940. Pamoja nao walikuwa Waafrika Kusini waliorusha Junkers Ju 86, ndege za Kijerumani zilizokuwa za abiria kabla ya kugeuzwa kuwa za kubeba mabomu. Junkers yenye alama za upande wa Waingereza huonekana kama kosa, kumbe ndivyo ilivyokuwa. Duara la Afrika Kusini nalo lilikuwa na chungwa katikati badala ya nyekundu, tofauti ambayo filamu ya nyeusi na nyeupe huificha vizuri sana. Vita Kuu ya Kwanza ni rahisi zaidi: ndege za Henri Farman zilizopaa kutoka Mafia Julai 1915 kuelekeza mizinga dhidi ya manowari Königsberg ndani ya delta ya Rufiji hazikuwa na mabaka yoyote, ni kitani kilichopakwa vanishi juu ya mbao na waya.

Suala moja halihusu rangi bali sheria. Ujerumani, kifungu cha 86a cha kanuni za adhabu kinakataza kuonyesha alama za vyama vilivyopigwa marufuku, na msalaba wa Kinazi uliokuwa kwenye mkia wa ndege za Kijerumani unaingia humo, ingawa kuna nafuu kwa elimu, sanaa na historia, na tangu 2018 michezo ya kompyuta huangaliwa mmoja mmoja. Watengenezaji wengi huuacha nje ili bidhaa yao iuzwe kote. Wapakaji makini hutoa matoleo mawili, mkia ulio wazi kwa matumizi ya kawaida na wenye alama kwa anayetaka ukweli wa kihistoria na anayeruhusiwa na sheria ya kwao, na utaratibu huo unatosha. Alama inayofanana nayo kwenye ndege za Finland ni habari nyingine: ni ya buluu, ilitoka kwa ndege aliyoizawadia nchi hiyo mtukufu wa Sweden Eric von Rosen mwaka 1918, kabla ya chama cha Hitler kuwapo, na ilitumika hadi 1945. Kuifuta bila maelezo huwafanya watazamaji wadhani asili yake ni ileile.

Ngozi ikikamilika huvishwa ndege na kutazamwa ndani ya simuleta yenyewe, asubuhi, adhuhuri na jioni, chini ya mawingu na juu yake. Wanaotengeneza ndege ndogo za plastiki wana mazoea ya kuipausha rangi, kwa hoja kwamba kitu kidogo kinawakilisha kikubwa kilichotazamwa kwa mbali. Kwenye simuleta programu huongeza ukungu wa umbali yenyewe, na rangi iliyopaushwa kabla hupaushwa mara mbili. Nyeusi isiwe nyeusi kabisa wala nyeupe isifike kikomo, la sivyo taa za programu hazina nafasi ya kuchezea. Ni hapo pia panapogundulika iwapo kipande kimoja cha picha kinatumika pande zote mbili za ndege, kwani maandishi ya upande wa pili husomeka kinyume. Simuleta za zamani zilibandika alama za taifa zenyewe, na mchezaji alipaswa kuzizima ili zisikae juu ya zilizochorwa.

Mwisho huandikwa faili fupi ya maelezo inayokaa pamoja na ngozi: namba ya ndege, kikosi, kituo, tarehe iliyokusudiwa, picha zilizotumika, na sehemu zilizokisiwa, kwa mfano upande wa kulia ambao haujawahi kupatikana kwenye picha. Idadi ya alama za ushindi chini ya dirisha la rubani huandikwa kufuatana na siku hiyo, maana rubani mwenye alama 12 mwezi Mei hakuwa nazo Machi. Kiolezo cha mwanzo chenye matabaka yake huhifadhiwa. Watengenezaji wakisahihisha umbo la ndege, mpangilio wa vipande hubadilika, mistari ya mabati haikutani tena na picha ya zamani, na kila tabaka huhamishwa upya kwa mkono.